Ng'ombe wetu kaota kinyama jichoni, watu wanasema ni kensa

mwana_wa_wingwi

Asalaam aleykum wanajamvi. Naomba mwenye ujuzi anisaidie kabla hatujaharibu zaidi. Tuna maksai wetu huku Wingwi, Pemba, si ng'ombe wa mchezo, ni wa gari, anabeba mawe anabeba nazi na msimu wa karafuu ndio usiseme. Ana kama miaka 9 hivi, mwili mwekundu lakini usoni ana baka jeupe limeshuka mpaka kwenye kope. Toka kabla ya Ramadhani jicho la kulia likawa linatoka machozi tu, tukasema labda kachomwa na ukuti, tukawa tunamuosha kwa maji ya chumvi, ikatulia kidogo kisha ikarudi. Sasa pembeni ya jicho upande wa pua pameota kinyama chekundu kina vichomozi kama tumbawe, mwanzo kilikuwa kama karafuu moja, sasa hivi kimefika tunda la zambarau, kikiguswa kinatoka damu na nzi hawabanduki.

Mzee mmoja jirani anasema kensa hiyo, haina dawa, mchinjeni mapema mle nyama. Mwengine kaja na tumbaku ya kutafuna na chumvi eti tumpake. Baba anasema tumuache mpaka Idd el Hajj tumchinje iwe ndio udhiya wetu, tupate na thawabu. Mie nimechanganyikiwa. Hivi kweli ng'ombe anapata kensa? Inatibika? Na nyama yake mtu akila si ataipata na yeye? Maana tuna watoto hapa.

Na kuna jambo jengine naliandika hapa kwa vile hakuna anaenijua. Shangazi yangu tunakaa nae nyumba moja, juzi alikuwa anamtazama yule ng'ombe muda mrefu, kisha akaniita chumbani akanambia na yeye ana kivimbe kwenye ziwa la kushoto, kina zaidi ya miezi 7, hakimuumi ndio maana kakinyamazia. Kanikamata mkono kanambia nisimwambie mtu, na hospitali haendi kwa sababu wakishakutia kisu tu kensa inaamka. Umri wake miaka 52. Nikamjibu basi tungoje tuone ng'ombe anafanywa nini. Sijui kwa nini nilimjibu vile.

Kijana_wa_Konde

Tumbaku jichoni??? Yakhe huyo ng'ombe kakukosea nini, kakubebea mawe miaka yote hiyo. Usitie kitu chochote, msubiri BwanaMifugo huwa anapita hapa baada ya isha.

BwanaMifugo_mstaafu

Waaleykum salaam kijana wangu. Tumbaku hapana, nishaona jicho limetoboka kwa dawa za namna hiyo.

Ng'ombe anapata kensa, na mbwa, na paka, na punda, na kuku nae anayo yake. Hiyo ulioieleza, mnyama wa miaka 8 au 9, kope jeupe, kinyama kwenye kile kikope cha ndani kinachotokea upande wa pua, ndio mahala pake hasa. Ngozi isiyo na rangi haina kinga ya jua, na ng'ombe wa gari anashinda juani kutwa, miaka inajumlishana. Lakini sikuambii ni kensa kwa kuisoma kwenye simu, nimefanya kazi hii miaka 31 na macho yangu yameshanidanganya mara nyingi. Jicho linalotoa machozi linaweza kuwa ule ugonjwa wa jicho jekundu wanaousambaza nzi, linaweza kuwa minyoo ya jicho, vile vinyuzi vyeupe vinavyotembea chini ya kope, na hata vinyama vyenyewe vipo ambavyo ni sugu tu na hunyauka vikaondoka. Ila cha kwenu kinakua, kinatoka damu, hicho msikisubiri.

Fanyeni hivi: mmoja amshike kamba, mwengine apapase chini ya sikio la upande ule ule, pale taya linapoanzia, alinganishe na upande wa pili. Ukikuta mtoki, yaani tezi iliyovimba, kuna mambo mawili. Kensa ya jicho ikisafiri kituo chake cha kwanza ndio hapo, halafu shingoni, halafu mapafu. Lakini mtoki wa pale pale ni dalili ya ndigana kali pia, kupe wanakaa sikioni na mtoki unavimba jirani yao, ila mwenye ndigana utamuona ana homa na majani hayataki. (Ndigana yenyewe kwa wanaopenda kujua ni kitu cha ajabu. Kijidudu kinaingia ndani ya chembe nyeupe za damu kinazifanya zizaliane hovyo vile vile kama kensa, ukimtibu mnyama kijidudu kikafa, zile chembe nazo zinaacha. Siku niliyofundishwa hivyo chuoni usiku sikulala.)

Kisha mwiteni daktari wa mifugo, na kinyama kikatwe kipande kikapimwe. Punje ya hindi inatosha, itiwe kwenye fomalini (ile dawa ya kuzuia kinyama kisioze) ya asilimia 10, fomalini iwe mara 10 ya hicho kipande. Matibabu yanategemea kimefika wapi. Kikiwa kidogo hugandishwa kwa naitrojeni ya maji, ile ile iliyomo kwenye mtungi wa wanaokuja kupandisha ng'ombe kwa mbegu za baridi, unagandisha, unaacha iyayuke, unagandisha tena, hiyo mara ya pili ndio inamalizia. Kikiwa kimeshika kikope cha ndani peke yake kinakatwa kikope na jicho linabaki. Kikishaingia kwenye jicho lenyewe basi linatolewa jicho zima, ng'ombe kasimama, kabanwa baina ya magogo, kapigwa ganzi nyuma ya jicho. Siku mbili tatu anakula kama kawaida. Nimewaona maksai wa jicho moja wanavuta gari vizuri tu, ila mwenye gari ajue upande ule hamuoni mtu, asimtokee ghafla.

Nyama: kula hakukupi kensa, chembe za ng'ombe haziwezi kuota ndani ya mtu. Lakini nyama lazima ipite kwa mkaguzi, kensa ikishasambaa mwilini mnyama mzima anatupwa. Na akipigwa sindano za antibaotiki someni lebo, nyengine unasubiri hata wiki 4 ndio uchinje.

La udhiya muulizeni shehe wenu, lakini katika wale wanne wasiofaa kuchinjwa Idd wa mwanzo ni mwenye chongo iliyo wazi, na mgonjwa ambae ugonjwa wake uko wazi nae yumo. Baba asijichoshe kumuweka.

La shangazi namuachia ajuae binaadamu. Ila ulichomjibu mie sijakipenda.

SitakiMchezo

Msidanganye watu hapa. Kwetu Makunduchi mama mkwe wangu alikuwa na kivimbe na anakwenda shamba, anapika, harusini anacheza, wakamchoma sindano kutoa kinyama eti wakapime, miezi 5 tu tukamzika. Kabla ya sindano alikuwa mzima kabisa. Kisu kikigusa inalipuka, hiyo ipo msibishe. Na mbona mbwa wanaambukizana kensa, nimeangalia mwenyewe kwenye TV, leo mnasema haiambukizi.

BwanaMifugo_mstaafu

Ya mbwa ni kweli na nimeitibu mwenyewe, mbwa wa ulinzi wa hoteli za pwani. Inakaa sehemu za siri, wanapeana wakipandana, na chembe zile si za mbwa mwenyewe, ni za mbwa mmoja aliekufa maelfu ya miaka nyuma zinahama kutoka mwili hadi mwili mpaka leo. Lakini ni mbwa kwa mbwa, mtu haimpati. Na katika kensa zote hiyo ndio inayotibika vizuri, sindano ya vinkristini mara moja kwa wiki, wiki 4 mpaka 6 na mara nyingi inakwisha kabisa.

Mnakijua kile kiua cha pinki na cheupe kinachoota kwenye mchanga, makaburini kimejaa na kwenye mapipa ya watu mlangoni? Asili yake Bukini (Madagaska) na vinkristini inatokana nacho, toka miaka ya 60 inatibu binaadamu, watoto wenye ile kensa ya taya inayovimba shavu anapewa hiyo hiyo. Sasa nishajua kuna mtu ataenda kuchuma achemshe. USICHEMSHE. Majani kilo na kilo yanatoa dawa chembe, na humo humo mna vitu vyengine vya sumu. Dawa yenyewe ikivuja nje ya mshipa wakati wa kuchoma inaoza nyama ya pale, ndio maana hata mie nilikuwa nikiipiga mkono unatetemeka.

Mama_Nuru

SitakiMchezo kwanza pole kwa msiba, Allah amrehemu. Lakini naomba nikuulize, na nakuuliza kwa sababu mie mwenyewe nilikuwa nasema maneno hayo hayo: kile kivimbe alikuwa nacho muda gani kabla ya hiyo sindano? Mwaka? Miwili? Watu wetu wanaificha chini ya kanga mpaka imefika kwenye ini na mifupa, siku wanayopelekwa ndio siku inayochomwa sindano, halafu lawama anapewa nani, sindano. Mtu akisubiri mpaka maji yafike shingoni kila anaemshika mkono ataonekana ndie aliemzamisha.

Ya mama yangu nakuelezea kama ilivyo. 2018 alikuwa na miaka 58, tunakaa Ng'ambo, akaona chuchu imeingia ndani na ngozi ya pembeni imekuwa vitundu vitundu kama ganda la chungwa. Hakuna maumivu, na hilo mwana_wa_wingwi mwambie shangazi lisimdanganye, cha kuuma huenda ni jipu, hichi mara nyingi kinakuja kimya. Mahala pa kwanza tulipokwenda, sipataji, walimpa dawa za jipu dozi tatu mfululizo, miezi miwili ikaenda. Mahala pa pili wakakata kinyama kweli lakini wakakitia kwenye chupa ya dripu ya maji ya chumvi kwa vile fomalini imekwisha, kilipofika maabara kimeoza hakisomeki. Ndio nilipofahamu kumbe kukata sio kazi, kazi ni kukifikisha. Hivyo BwanaMifugo alivyosema fomalini mara 10 mie sikuhitaji kuambiwa mara mbili.

Hospitali ya Mnazi Mmoja akapigwa ultrasaundi ya ziwa na ya kwapa, kisha akachomwa sindano ya kutolea kinyama. Hii si kisu jamani. Unapigwa ganzi, inaingia sindano nene kidogo ina springi, inalia KAH kama stepla, inatoka na uzi wa nyama mwembamba kama tambi, basi, plasta, unakwenda zako nyumbani. Mama alitoka akaniuliza tumepika nini. Majibu wiki 3. Na majibu si kensa ndio au kensa hapana tu, wanaangalia imeharibika kiasi gani, na wanaipima kama inalishwa na homoni za kike, maana ikiwa inalishwa na homoni kuna vidonge vya tamoksifeni vya kuikatia chakula, ya mama ilikuwa hivyo. Bila ya kile kinyama nani angelijua hayo? Yangelikuwa matibabu ya kubahatisha.

Kwa vile lilikuwa limeshakuwa kubwa walianza na dripu za kemo, yaani dawa za kuua kensa, ili lisinyae, nywele zikatoka zote, akawa anafunga kilemba kikubwa anasema yeye sasa bibi harusi. Halafu opresheni, likatolewa ziwa na mitoki ya kwapani. Mionzi ikabidi tuvuke, hospitali ya kensa ya Ocean Road Dar es Salaam, Jumatatu mpaka Ijumaa wiki 3. Sitaki kusema uongo kuwa ilikuwa rahisi, mkono wa upande ule unamvimba mpaka leo akibeba ndoo, na ile wiki ya pili ya kemo alikuwa akisikia harufu ya kitunguu tu anatapika, tulikula wali mkavu nyumba nzima. Vidonge kameza miaka 5 kamaliza. Sasa hivi ninavyoandika yuko barazani anagombana na muuza dagaa.

Shangazi yako ana miaka 52, na kivimbe kina zaidi ya miezi 7. Vivimbe vingi vya ziwa si kensa, na chake huenda si kensa, hilo nalo mwambie. Lakini hakitajulikana kwa kukibonyeza.

Paka_wa_Shangani

Mie nachangia kidogo tu. Paka wangu mweupe ncha ya sikio ilipata kidonda, kikawa kinakauka kinarudi karibu mwaka, nikijua kapigana. Ikawa ni kensa ya jua, sababu ni hiyo hiyo ya baka jeupe la ng'ombe. Wamekata sikio nusu na yuko hai, anaonekana jambazi lakini yuko hai. Siku hizi namfungia ndani kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 10 jioni. (Na msimpe paka panadol akiwa na maumivu jamani, inamuua.)

Halafu tukumbuke ndugu zetu maalbino, ni jua hilo hilo. Yule mtoto anaeuza ubuyu barazani kwetu ana vidonda mdomoni na shingoni, kila mtu anamuona na kila mtu anapita. Moshi pale hospitali ya KCMC wanatengeneza mafuta yao maalumu ya kuzuia jua. Kofia ya ukili yenye ukingo mpana na mikono mirefu zinasaidia nusu ya kazi.

Lab_Chake

Nimo kwenye kazi hizi, niseme kwa nini majibu yanachelewa maana tunatukanwa sana. Kinyama kikija kinakaa kwenye fomalini kwanza kigande, halafu kinakaushwa maji kwa spiriti hatua kwa hatua, kinatiwa nta kikawa kama kipande cha mshumaa, kinakatwa wembamba ambao nywele ya kichwani ni nene mara nyingi, kinapakwa rangi ya zambarau na pinki, ndio daktari wa vinyama anakaa na hadubini. Anachotafuta ni mpangilio. Chembe nzima zinapangana kama matofali, za kensa zina viini vikubwa, hazifanani, na zimevunja ule utando wa chini zikaingia pasipo pao. Kinyama cha ng'ombe na cha mtu hapo havina tofauti ya kazi. Daktari huyo ni mmoja na foleni ndefu, kwa hiyo andikeni namba ya simu inayopatikana, nusu ya majibu yanakaa kwenye droo kwa sababu simu haipatikani.

Na nje ya mada kidogo: wanaokojoa damu wasiseme "ni kichocho tu sisi wa Pemba tumezoea". Kichocho kikikaa miaka kwenye kibofu kinaweza kuleta kensa ya kibofu. Meza dawa zinapogawiwa, na damu ikirudi kwa mtu mzima nenda kapime.

SitakiMchezo

Kivimbe alikuwa nacho toka mwaka juzi yake. Nimemuuliza mke wangu sasa hivi. Sikuwa najua.

mwana_wa_wingwi

Wanajamvi nimerudi baada ya siku 12, samahani bando lilikwisha.

Ng'ombe: daktari kaja na kijana wake, tukambana baina ya mikarafuu miwili na mbao. Chini ya sikio hakuna mtoki, katupapasisha sote mpaka baba. Kapiga ganzi, kakishika kile kikope cha ndani kwa mkasi wa kubania akakivuta nje chote na kinyama chake kama unavyotoa kamasi la pweza, kakikata chini, damu kidogo, akagandamiza pamba. Jicho lenyewe zima. Dakika 20 haikufika. Kipande kimeenda kwenye fomalini, nimeandika namba mbili za simu, yangu na ya baba. Anakula, machozi yamepungua, tumemjengea kibanda cha makuti na gari atavuta asubuhi na jioni tu. Baba kakubali kuwa hachinjwi, ila anasema basi mie ndio nitafute mbuzi wa Idd.

Shangazi alikuwepo, kasimama nyuma ya mgomba mwanzo mpaka mwisho. Jioni kaja na chai akanambia "kumbe wamekata kope wakaacha jicho". Hakusema jengine. Jana nikamsomea yote aliyoandika Mama Nuru, kwa sauti ya chini, mlango tumefunga. Pale pa muuza dagaa alicheka. Kakubali kwenda, tunaanza Chake Chake Jumatatu, na wakitupa rufaa tutapanda boti. Kasharti niende nae mie sio baba.

Ila ana swali moja na kasema bila ya jibu hapandi gari. Hiyo sindano inayolia KAH, inalia mara ngapi?

Mama_Nuru

Kwa mama ilikuwa mara 4. Mwambie azihesabu kwa sauti, na nesi nae atahesabu pamoja nae.